Jinsi ya kujua vita ya dunia iligeukia wapi bila kuyumbishwa na filamu

Uliza watu kumi Vita ya Pili ya Dunia iligeukia wapi uone utakachopata. Mrusi atakwambia Stalingrad, Mmarekani Midway au Normandy, Mwingereza atakuletea El Alamein na jangwa lake, na kila mmoja ana filamu za kumuunga mkono. Sio kwamba wanadanganya, ila kila mtu anaanza kuhesabu kuanzia kwa babu zake. Sasa kama unataka kuamua mwenyewe, kwa mtihani au kwa ubishi tu na washkaji, kuna namna ya kuyachambua haya matukio, na sio ngumu kihivyo, inataka tu uvumilivu na karatasi moja kubwa.

Kwanza kabisa acha kutafuta pigano kubwa kuliko yote au lililoua watu wengi kuliko yote. Ukubwa wa kishindo na mgeuko ni vitu viwili tofauti. Unachotafuta ni ile wiki ambayo upande mmoja unaacha kuchagua, yaani kabla yake wao ndo walikuwa wanaamua tupigane wapi na lini na mwenzao anahangaika kuwafuata, halafu baada yake wao ndo wanabaki kujibu mapigo ya mwenzao. Ujerumani 1939 mpaka 1941 ilichagua kila kitu: Poland tarehe 1 Septemba 1939, Ufaransa Mei 1940, Muungano wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941. Ukifika 1944 Ujerumani haichagui chochote, inaziba matundu tu.

Kwahiyo kila tukio unalolishuku lipige maswali matatu. Nani alikuwa anachagua kabla na nani baada? Kilichopotea kinazibika au hakizibiki? Na la tatu ambalo mimi nalipenda kuliko yote, wiki zilizofuata amri za wakubwa zilibadilika? Hotuba zinadanganya sana, magazeti ya vita ndo usiseme, lakini amri hazina mtu wa kumpendezesha. Hitler aliendelea kuhutubia kwamba Uingereza itaangushwa, lakini tarehe 17 Septemba 1940 aliahirisha uvamizi wa kisiwa kile na haukufufuka tena, basi hiyo amri inakutosha kujua pigano la angani juu ya Uingereza limeishaje. Hata ukiangalia swali la pili unapata jibu lilelile, viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatoa ndege nyingi za kivita kuliko vya Ujerumani mwaka ule, na rubani Mwingereza akitunguliwa juu ya nchi yake anaruka na parachuti, akiwa mzima anaweza kurudi kazini, wakati Mjerumani akitunguliwa palepale anaenda kifungoni, vita kwake imeisha.

Kabla hujagusa tarehe za mapigano chora ramani ya mafuta. Wengi wanaruka hii hatua halafu baadae hawaelewi kwanini majenerali walifanya vitu vinavyoonekana vya kijinga. Japani ilikuwa inapata karibu asilimia 80 ya mafuta yake kutoka Marekani, na Marekani ikafunga bomba katikati ya 1941 baada ya Japani kuingia kusini mwa Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia za leo). Hapo Tokyo walikuwa na akiba inayopungua kila siku na machaguo mawili, waondoke China au wakachukue visima vya visiwa vilivyokuwa chini ya Uholanzi (Indonesia ya leo) kwa nguvu. Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 imetoka humo, lengo lilikuwa kuzipiga manowari za Marekani ziwe hoi wakati wao wanaenda kuchukua mafuta. Na hata siku ile angalia walichokiacha, manowari za kubebea ndege hazikuwepo bandarini na matangi ya mafuta ya pale hayakupigwa. Ujerumani nayo ilitegemea visima vya Ploiești kule Romania pamoja na mafuta ya kutengeneza viwandani kwa kutumia makaa ya mawe. Sovieti tegemeo lake kubwa lilikuwa Baku, kule Kaukazi. Ukishaweka hizo alama tatu kwenye ramani, mshale wa Wajerumani wa kiangazi 1942 kuelekea Kaukazi unajieleza wenyewe. Walifika Maikop mwezi wa 8 wakakuta Warusi wameshaviharibu visima, na Baku hawakuiona.

Ukimaliza mafuta weka reli na meli. Hii nayo watu wanaidharau. Jeshi la Ujerumani lililoingia Urusi lilikuwa na watu zaidi ya milioni 3, na pamoja na zile picha za vifaru tulizozoea lilikuwa linavuta mizigo yake kwa farasi zaidi ya laki 6. Reli za Kisovieti ni pana kuliko za Ulaya magharibi, kwahiyo treni zao haziwezi kupita mpaka reli zibadilishwe, na kila kilomita wanayosonga mbele chakula na risasi na nguo za baridi zinazidi kuwa mbali. Ukijua hilo husemi tena "baridi ndo iliwashinda Moscow". Baridi iliwakuta wameshakwama.

Sasa ile karatasi kubwa. Igawe safu nne: Ulaya mashariki, Ulaya magharibi pamoja na Afrika kaskazini, bahari ya Atlantiki, na Asia pamoja na Pasifiki. Andika tarehe kwa kwenda chini ili matukio ya wiki moja yakae mstari mmoja hata kama yako pande mbili za dunia, ndo uone vitu ambavyo kitabu cha sura sura hakikuonyeshi, kwasababu kitabu kinamaliza Urusi kwanza ndo kinarudi nyuma kuanza Pasifiki. Mfano ile wiki moja ya Desemba 1941. Tarehe 5 Sovieti wanaanza kuwarudisha nyuma Wajerumani nje ya Moscow, tarehe 7 Japani inapiga Pearl Harbor, tarehe 11 Hitler anatangaza vita na Marekani. Ndani ya siku 7 Ujerumani imekosa ushindi wa haraka mashariki na imejiongezea adui mwenye viwanda vikubwa kuliko vyote duniani. Mimi ukinilazimisha nitaje wiki moja tu nitataja hii, ingawa kwenye ramani hamna mji wowote mkubwa uliobadilisha mikono.

Mstari mwingine wa kupiga kalamu nyekundu ni Novemba 1942. Tarehe 4 Rommel, jenerali wa Ujerumani, anaanza kurudi nyuma El Alamein kule Misri baada ya Montgomery wa Uingereza kumkamua tangu tarehe 23 Oktoba, tarehe 8 Waamerika na Waingereza wanashuka Morocco na Algeria, katikati ya mwezi kuna mapigano ya usiku ya manowari pale Guadalcanal ambapo Japani inashindwa kupeleka askari wa kutosha kisiwani, na tarehe 19 Sovieti wanafungua shambulio lao Stalingrad. Sehemu nne, mwezi mmoja, na kote kule upande uliokuwa unasukuma unaanza kusukumwa.

Kwenye safu ya Asia usianzie 1941, anzia Julai 1937 Japani ilipoanza vita kamili na China, maana sehemu kubwa ya jeshi lake la nchi kavu ilibaki kukwama kule China miaka yote. Halafu weka Agosti 1939, Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia, ambapo Zhukov, jenerali wa Kisovieti, aliwapiga Wajapani vibaya. Pigano hili halina filamu nyingi ila lipige swali la tatu uone. Baada ya pale hoja ya kwenda kaskazini kupigana na Urusi ilipoteza nguvu Tokyo, Aprili 1941 wakasaini mkataba wa kutoingiliana na Moscow, mshale wao ukageukia kusini. Pigano dogo, amri kubwa.

Tukija Midway, kisiwa cha katikati ya Pasifiki, hapa nakaa kidogo kwasababu ndo mfano mzuri wa kukufundisha kuwa makini na hadithi tamu. Tarehe 4 Juni 1942 Japani ilipoteza manowari nne za kubebea ndege, Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zote zilikuwa zimeshiriki Pearl Harbor, na Marekani ikapoteza moja, Yorktown. Wamarekani walijua wanakuja kwasababu wataalamu wa kuvunja siri chini ya Joseph Rochefort walikuwa wanasoma sehemu ya mawasiliano yao. Kulikuwa na jina la siri AF hawakuwa na uhakika ni wapi, wakaagiza kituo cha Midway kitangaze kwa redio bila kuficha kwamba mtambo wa maji safi umeharibika, baada ya muda Wajapani wakaripotiana kwamba AF ina shida ya maji, mchezo ukaisha.

Sasa hadithi inayorudiwa kila mahali ni kwamba pale Japani ilipoteza marubani wake bora wote. Ukienda kwenye takwimu, Wajapani waliokufa Midway ni zaidi ya elfu 3 lakini marubani na wenzao wa ndani ya ndege ni kama 110 tu, wengine ni mafundi na mabaharia. Walioua marubani wa Japani kwa kweli ni ile miezi mirefu ya Guadalcanal na visiwa vya Solomon, Agosti 1942 mpaka Februari 1943 na kuendelea, ndege zinaruka mamia ya kilomita kwenda kupigana na ikipigwa hairudi nyumbani. Kwahiyo Midway iligeuza nini? Iligeuza swali la kwanza. Kabla yake Japani inachagua kisiwa kipi kinafuata, baada yake haina tena manowari za kutosha kuchagua. Na Solomon ikajibu swali la pili, wakashindwa kuziba. Ukiitenganisha hivyo unaacha kubishana Midway au Guadalcanal, maana kila moja ilifanya kazi yake. Na usisahau bahari ya Coral mwezi mmoja kabla, Mei 1942, ambayo wengi wanaipita haraka. Iliziweka pembeni Shokaku na Zuikaku, manowari mbili za Japani za kubebea ndege, moja imeharibika na nyingine imepungukiwa ndege na marubani, bila hiyo Midway wangekuja na sita badala ya nne.

Stalingrad nayo ina mtego wake. Picha zote ni za kupigania vyumba na ngazi ndani ya mji, lakini mgeuko wenyewe haukutokea ndani ya mji, ulitokea mbali kule pembeni kwenye nyika ambapo ubavu wa Wajerumani ulikuwa unalindwa na majeshi ya Romania yenye silaha chache za kupambana na vifaru. Sovieti, kwa mpango uliosimamiwa na Zhukov na Vasilevsky, wakapiga huko tarehe 19 na 20 Novemba, tarehe 23 pande mbili zikakutana karibu na Kalach na Jeshi la Sita la Paulus likawa ndani ya mfuko, watu zaidi ya laki mbili. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akaahidi kuwalisha kwa ndege. Walihitaji angalau tani 300 kwa siku, kilichofika kwa wastani ni kama theluthi. Hitler akampandisha Paulus kuwa fildi mashali tarehe 30 Januari 1943 akitegemea atajiua, kesho yake Paulus akajisalimisha. Kati ya kama 91,000 waliotekwa waliorudi kwao ni elfu tano au sita hivi.

Ila shikilia hapo, usifunge faili. Machi 1943 Manstein, jenerali wa Ujerumani, aliichukua tena Kharkov, yaani Ujerumani bado ilikuwa na ngumi. Ndo maana kuna wanaosema Stalingrad iliondoa uwezekano wa Ujerumani kushinda, na Kursk, pigano la Julai 1943, ndo ilifanya kushindwa kuwe hakika. Kursk yenyewe ukiiangalia kwa hesabu ya vifaru vilivyoungua utapotea, pale Prokhorovka tarehe 12 Julai 1943 Sovieti walipoteza vifaru vingi sana kuliko Wajerumani, ukihesabu maiti unampa ushindi aliyeshindwa. Lakini Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) walikuwa wameshuka Sicily tarehe 10, na tarehe 13 Hitler akawaita Manstein na Kluge akawaambia operesheni inasitishwa. Amri hiyo hapo. Baada yake Ujerumani haikufanya tena shambulio kubwa la kuchagua yenyewe upande wa mashariki lenye nafasi ya kubadili vita, ni kama bondia aliyekata pumzi, bado anarusha konde ila miguu imeshakataa.

Atlantiki ndo sehemu watu wanaisahau kabisa kwasababu haina mji wala bendera ya kupandisha, wakati bila hiyo Normandy haipo. Machi 1943 nyambizi za Ujerumani zilikuwa bado zinazitafuna meli za misafara, miezi miwili baadae kila kitu kimepinduka: Mei peke yake Ujerumani ilipoteza nyambizi 41, na tarehe 24 Mei Dönitz, mkuu wa jeshi la maji la Ujerumani, akaamuru ziondoke njia kuu za Atlantiki ya kaskazini. Ukitafuta sababu moja hutaipata, ni vitu vilivyofika pamoja, rada ndogo za mawimbi mafupi zinazotosha ndani ya ndege, mitambo ya kunasa nyambizi ikitumia redio, ndege za Liberator zinazoruka mbali hadi kuziba lile pengo la katikati ya bahari, manowari ndogo za kubebea ndege zinazosindikiza misafara, na usomaji wa siri za Enigma, ile mashine ya Wajerumani ya kuficha mawasiliano. Juu ya hapo kuna viwanda vya Marekani vilivyotengeneza meli 2,710 za aina ya Liberty wakati wa vita, moja iliunganishwa kwa siku nne na masaa kadhaa kwa ajili ya kuonyesha tu kwamba inawezekana. Unazamishaje kitu kinachozaliwa kwa kasi hiyo. Wanajeshi wa nyambizi wa Ujerumani walikuwa kama elfu 40 na karibu elfu 30 hawakurudi.

Ukifika 1944 kuwa makini na takwimu za viwanda. Ujerumani ilitengeneza ndege nyingi zaidi mwaka 1944 kuliko mwaka wowote wa vita, kama elfu 40, na mtu asiyejua anaweza kudhani inapata nafuu. Lakini tangu mwanzoni mwa mwaka marubani wake wazoefu walikuwa wanamalizwa na ndege za Marekani kama Mustang zilizokuwa na matangi ya ziada, na kuanzia tarehe 12 Mei viwanda vya mafuta ya makaa vikaanza kupigwa mabomu kwa mpango. Ndege ipo, mafuta hakuna, na kijana wa kuiendesha hajapata masaa ya kutosha hewani kwasababu mafuta ya mafunzo ndo yaliyokatwa kwanza.

Normandy tarehe 6 Juni 1944 isome pamoja na Bagration, shambulio la Sovieti lililoanza tarehe 22 Juni kule Belarus. Ya kwanza kila mtu anaijua, watu kama 156,000 kuvushwa siku moja sio jambo dogo. Ya pili ilivunja kundi zima la majeshi ya katikati ya Ujerumani, divisheni 28 hivi zikafutika, na askari wa Kisovieti walikuwa wanasonga kwa kasi ile kwasababu ya malori pia, Marekani iliwapa malori na magari ya jeep kama laki 4 wakati wa vita. Safu yako ya Asia mwezi huohuo ina Saipan na bahari ya Ufilipino, ndege za Japani zinaanguka kwa mamia, na tarehe 18 Julai serikali ya waziri mkuu Tojo inaondoka. Burma nako Wajapani wameshindwa Imphal na Kohima na wanarudi nyuma, na kati ya waliowafukuza kwenye mvua na matope ya bonde la Kabaw ni divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa KAR (King's African Rifles). Mimi siyaiti haya ya 1944 migeuko, nayaita mavuno, ila ubishi unaruhusiwa.

Neno kuhusu vitabu. Kabla hujaamini kitabu angalia mwaka wa kuchapishwa. Siri ya kusomwa kwa Enigma ilitoka hadharani 1974, kwahiyo kitabu cha miaka ya 50 kitakueleza Atlantiki na Afrika kaskazini bila hicho kitu, na mwandishi hana kosa. Nyaraka nyingi za Kisovieti zilifunguka baada ya 1991. Na majenerali wa Kijerumani walioandika kumbukumbu zao baada ya vita wana tabia moja, ushindi ni wao, makosa ni ya Hitler na hali ya hewa, Hitler amekufa hawezi kujibu. Soma lakini kwa tahadhari.

Kupima kama umeelewa, chukua maswali yaleyale matatu uyapeleke kwenye Vita ya Kwanza. Anza na Tanga, Novemba 1914, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, aliwapiga Waingereza waliokuja na watu wengi kuliko wake, je kuna aliyebadilisha mipango Ulaya? Halafu weka tarehe 1 Februari 1917, siku Ujerumani ilipoachia nyambizi zake zipige meli yoyote, na tarehe 6 Aprili Marekani ilipoingia vitani. Malizia na tarehe 21 Machi 1918, Wajerumani wanasonga makumi ya kilomita magharibi kitu ambacho hakijaonekana tangu 1914, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo pale Amiens, Ufaransa, walipoanza kurudishwa nyuma. Jiulize lile la Machi lilikuwa mgeuko kwa faida ya nani, na kilichopotea wakati wanasonga mbele kilizibika na nini.